Asubuhi Nyepesi ya Bi Mwamvua

Mimi sina subira na mashine nzito. Watu nawavumilia, mashine siwezi. Kwa hiyo asubuhi ile, nilipoketi kwenye jamvi la Bi Mwamvua pale Ujiji nikaitazama laptopu yake ya zamani ikizungusha kile kiduara chake cha buluu, nilikunja vidole, nikavikunjua, nikavikunja tena, mpaka Zaituni, binti yake, akaniuliza kama naumwa.

"Siumwi. Huwa inachukua muda gani kufunguka?"

"Siku nzuri, mpaka maji ya chai yachemke. Siku mbaya..." Hakumalizia. Alikuwa ameshanieleza nilipoongea naye: juzi mashine haikufunguka kabisa, na mama yake akashinda kutwa nzima akimwita "wewe binti," akimwuliza kama hajamwona mwanawe, mtoto wa darasa la pili, amevaa sare.

Bi Mwamvua alikuwa miongoni mwa waliopandikizwa punje ya kumbukumbu nyuma ya sikio, miaka ile homa ilipopita kando ya ziwa ikawaachia watu akili zao lakini ikawanyang'anya uwezo wa kuweka jambo jipya. Akilala, punje inafutika. Akiamka, programu iitwayo Kijaza inammiminia upya kila kilichowahi kuwekwa: kwanza ya zamani, kisha ya karibu, na mwisho kabisa habari mpya, ambayo hufungua dirisha lake kwenye kioo papo hapo inapomwingia kichwani. Waliotengeneza punje walifunga kila moja na kompyuta yake, halafu kampuni ikafa. Yake haiwezi kuzungumza na mashine nyingine yoyote duniani ila hii hapa, yenye vitufe vya kubonyeza kwa kidole na herufi A iliyofutika, wakati watoto wa leo hawajui hata kitufe ni nini.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama mwenyewe huyo, mnene, kavaa hereni za dhahabu na bangili, mtandio umetupwa begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zaituni! Mgeni hajapewa hata maji? Baba yako akirudi msikitini atatuona watu wa ajabu." Akanitazama toka juu hadi chini. "Na wewe ndiye fundi? Umekonda hivyo, umeme ukikurusha tutakuokota wapi?"

Nilicheka. Sikutarajia kucheka katika nyumba hiyo. Akaenda jikoni, nikamsikia akiimba wimbo wa harusi huku akigeuza vitumbua, akimtania bintiye kwamba unga wake umekuwa mzito tangu alipojifanya msomi. Zaituni naye alikuwa akicheka, lakini jicho lake halikutoka kwenye kiduara cha buluu. Kiliposimama, alifanya jambo ambalo sikulielewa: aliinuka haraka, akaenda jikoni, akaliteremsha karai la mafuta kutoka motoni, akalisogeza mbali na miguu ya mama yake, akamshika mkono.

Dirisha likafunguka. *Mume wako Feruzi amefariki jana alasiri.*

Ukelele uliotoka jikoni ulinifanya niangushe bisibisi.

Zaituni alimkalisha chini, akampapasa mgongo, akasema maneno ambayo mtu huyasema. Baadaye Bi Mwamvua alivua hereni, akavua bangili, akajifunga shuka jeupe, akaingia chumba cha ndani, akakaa juu ya mkeka ameegemea ukuta. Alikuwa ameingia eda.

"Mzee alifariki lini hasa?" niliuliza.

"Mwaka wa pili huu," Zaituni alisema, akifuta mafuta sakafuni.

*

Ugonjwa wa ile mashine ulikuwa wa kawaida. Kioo unachokiona ukiwasha kompyuta, yaani mandhari, madirisha, menyu, na ule mwambaa wa chini wenye saa, hiyo yote ni programu, na inakula. Yake ilikuwa inatumia mazingira yanayoitwa Jengo, mazuri kwa macho: madirisha yanafunguka kwa madaha na vivuli, hali ya hewa inapita juu, picha zinabadilika zenyewe. Ramu ni meza ya kazi ya mashine, na meza hii ilikuwa ndogo, imechomelewa ndani, haiongezeki. Jengo lilitandaza mapambo yake mezani, na Kijaza kikabaki kusubiri nafasi kama mgeni aliyekuta viti vyote vina nguo. Ndiyo maana habari ya mwisho ilikuwa inachelewa hivyo.

Nikaamua kuling'oa. Kwanza niliweka Mkeka, mazingira mepesi kuliko yote ninayoyajua: hakuna menyu, hakuna mwambaa, hakuna picha, kila kitu kwa vitufe. Mashine iliamka kabla sijamaliza kuondoa kidole. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikamwomba Bi Mwamvua aje ajaribu.

Alikuja na shuka lake, macho mekundu, akakaa, akashika kipanya. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kona ya chini kushoto. Hapakuwa na kitu. Ukaenda tena. Mara ya tatu akaniangalia kwa aibu, akadhani kosa ni lake, na mimi nikajichukia hapo hapo. Homa haikugusa mazoea ya mkono. Ule mkono ulikuwa unajua kona yake kwa miaka yote ile, na mimi nilikuwa nimeibomoa kona kwa sababu napenda mashine zinazokimbia.

Nikauondoa Mkeka, nikaweka Kibanda. Kibanda ni kizito kidogo kuliko Mkeka lakini kina mlango mahali watu wanapotarajia mlango. Nikauweka mwambaa chini, menyu kushoto, nikakuza herufi, nikazima vivuli na madaha yote, nikatupa hali ya hewa, nikarudisha ile mandhari yake ya zamani ya kijani kwa sababu rangi moja tupu haili kitu. Nikamwita tena. Mkono ukaenda chini kushoto, menyu ikafunguka papo hapo, naye akasema, "Haya. Sasa umeniwekea mambo yangu."

Nilipokuwa napanga saa kwenye mwambaa ndipo nilipoona.

Saa ilikuwa mbovu. Hilo lilijulikana, Zaituni alisema imekuwa mbovu tangu msiba, wala hakuna aliyejali, nani atazame saa ya laptopu? Wiki ya mazishi nyumba ilijaa watu, mashine ikafunikwa na kusukumwa chini ya kitanda, ikakauka chaji, na betri ndogo ya ndani inayotunza tarehe ikafa. Na mashine hii hairuhusiwi kuunganishwa na mtandao, kwa hiyo hakuna wa kuisahihisha. Nikafungua kumbukumbu za Kijaza. Kila kisipojua tarehe, Kijaza hurudi kwenye tarehe ya mwisho kiliyoiamini. Tarehe hiyo ilikuwa siku iliyofuata kifo cha Mzee Feruzi.

Kila asubuhi ilikuwa ni siku hiyo. Kila jioni, yote aliyoyaishi Bi Mwamvua yaliandikwa juu ya siku hiyo hiyo, yakafuta ya jana yake, na asubuhi Kijaza hakikummiminia siku ambayo kwake ndiyo kwanza inaanza. Kwa hiyo mume alikuwa amekufa jana, daima. Na mwanamke yule, kwa uadilifu wake, alikuwa anaanza eda siku ya kwanza, halafu kesho yake siku ya kwanza. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Yeye hajawahi kufika siku ya pili.

Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Sikuweza kukaa.

*

"Betri ya saa ninayo kwenye mkoba," nilimwambia Zaituni uani. "Nikiibadilisha, ya leo yatapotea kama kawaida, lakini kuanzia kesho kila siku itawekwa mahali pake. Atakumbuka ya jana."

Aliendelea kukamua nguo ambayo ilikuwa imeshakamuka.

"Chochote?"

"Chochote atakachoishi kesho kitakaa."

"Basi nisikilize, dada Mwavita." Akaitundika nguo, akaniangalia. "Ifute ile habari ya baba. Mwandikie kwamba amevuka ziwa kwenda Kalemie kufuata mawese. Alikuwa akienda kila mara, anakaa huko, anarudi anapotaka. Mama hatashangaa."

"Na akichelewa kurudi?"

"Biashara imemchelewesha. Ana mteja. Ana mguu unamsumbua. Nitatafuta la kusema." Sauti yake ilipanda. "Wewe umemsikia leo mara moja tu ukaangusha vyombo. Mimi namsikia kila siku! Unajua asubuhi yangu ikoje? Nina zile dakika chache kabla kioo hakijafunguka. Anaimba, ananitania. Hizo ndizo dakika pekee ninazokuwa na mama. Na wewe umekuja kuifanya mashine iende haraka. Kesho atapata msiba kabla hajatia mguu sakafuni."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimejivunia kasi yangu mchana kutwa, na kumbe ucheleweshaji wa lile Jengo bovu ndio uliokuwa ukimpa mjane yule furaha ya asubuhi. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani.

"Kufuta ni rahisi," nilisema. "Ni alama moja ya vema naiondoa. Ndiyo maana sitaki kuiondoa kabla ya kumwuliza mwenyewe."

"Umwulize nini? Kesho hatakumbuka kama ulimwuliza."

"Mimi nitakumbuka."

Nikaingia chumba cha ndani kabla hajanizuia. Bi Mwamvua alikuwa na tasbihi mkononi. Nikakaa mbali kidogo, nikampa pole, akaipokea. Sikujua nianzie wapi, na mimi nikikosa pa kuanzia huanza popote.

"Mama, ile mashine ndiyo iliyokupa habari. Mimi naitengeneza sasa. Ungependa habari kama hii ikufikie vipi?"

Alifikiri. Hakuliona swali langu kuwa la ajabu.

"Sisi hapa mtu akifiwa mbali hapigiwi simu akaambiwa," alisema. "Anaambiwa mgonjwa wako amezidiwa, njoo. Akifika anakalishwa. Anapewa maji, anatia kitu tumboni. Halafu mtu mzima anamsogelea anamwambia. Mimi nimeambiwa na kioo, fundi. Nimesimama, nina kijiko cha vitumbua mkononi."

"Na kama ungeweza usiambiwe kabisa?"

Hapo alinitazama vibaya.

"Nisimwombee dua mume wangu? Nikae nimpikie maiti? Nani amekutuma kuniuliza hivyo?"

Nikasema hakuna. Nikatoka.

*

Nilibadilisha betri, nikaweka tarehe ya kweli. Nikasahihisha habari ya kifo, neno "jana" likatoka, mwaka na mwezi vikaingia. Habari yenyewe sikuifuta. Kijaza kina mpangilio ambao watu wengi hawaujui: unaweza kuzuia jambo moja lisimiminwe mpaka mtu alithibitishe. Nikaizuia, pamoja na ile siku moja iliyokuwa ikiandikwa juu kwa juu.

"Kesho mashine itamjaza yote isipokuwa hilo," nilimwambia Zaituni. "Hilo utamwambia wewe. Akishatia kitu tumboni, kama alivyotaka."

"Na nisipomwambia?"

Nilifunga mkoba. Nilichofanya ni kuutoa uongo kwenye mikono yangu nikauweka kwenye yake, na njia nzima kwenda kwangu nilijiuliza kama huo ni uadilifu au ni woga uliovaa kanzu. Ningefuta, ningemwibia mwanamke msiba wake. Ningeacha dirisha lifunguke, ningempiga mama mgonjwa usoni kabla hajanawa. Na hivi nilivyofanya, nilimwachia binti aliyechoka aamue peke yake, kisha neno lake likauke kama saruji. Nilijigeuza kitandani mpaka nikaona hakuna faida.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwao, nasingizia kwamba nimekuja kuangalia mashine.

Iliamka mara moja. Hakuna kiduara. Bi Mwamvua alitoka chumbani amejaa kumbukumbu zake, hereni masikioni, akamwita Zaituni kwa jina, akaniuliza mimi ni nani, akanitania wembamba wangu upya kabisa. Tukakaa jamvini. Zaituni alimimina chai ya tangawizi. Vitumbua safari hii alipika yeye, na mama akavisifu, jambo ambalo nadhani lilimuumiza Zaituni zaidi kuliko utani.

"Baba yako yuko wapi?"

Zaituni aliweka birika chini. Nikaacha kutafuna.

"Amevuka," alisema. "Kalemie. Kufuata mawese."

"Kalemie," Bi Mwamvua alirudia. "Hata kuniaga?"

"Ulikuwa umelala."

Basi. Ilikuwa imesemwa, na kuanzia jioni ingekuwa kweli. Nilitaka kusema, na nikajua si haki yangu kusema, na miguu yangu ikafanya inayofanya siku zote: ikasimama. Nikachukua mkoba.

"Fundi, kaa," Bi Mwamvua alisema.

"Nina kazi nyingine, mama."

"Umeacha kitumbua nusu. Na huyu mwanangu hajanitazama tangu nimwulize." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina utani tena. "Mimi nimezika baba, nimezika mama, nimezika dada zangu. Najua watu wanavyokaa kwenye nyumba yenye habari." Akakisukuma kikombe chake katikati ya jamvi. "Nimekunywa. Nimekula. Haya, semeni."

Zaituni alinitazama. Nikakaa chini. Hicho ndicho pekee nilichoweza kumfanyia.

"Mama, baba amefariki."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Alisema polepole, mpaka mwisho. Hakupiga ukelele. Machozi yalimshuka, akayaacha yashuke, mkono ukiwa juu ya goti la bintiye. Halafu akauliza, "Lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Mwaka wa pili! Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa. Ulikuwa unaambiwa kila asubuhi, mama. Mashine ilikuwa mbovu, ilikuwa inakuambia ni jana. Ulikuwa unalia kila asubuhi, unavua hereni, unaingia eda. Kila siku." Maneno yalikuwa yanamtoka kwa kasi sasa. "Nisamehe. Nimekudanganya sasa hivi kwa sababu nilitaka siku moja tu isiwe hivyo."

Nilidhani mama atakasirika. Alikuwa akihesabu kitu kichwani, midomo ikitikisika. Nilidhani anahesabu eda yake.

"Na wewe?" aliuliza.

"Mimi nini?"

"Alikuwa baba yako. Wewe ulimlilia lini?"

Zaituni alifungua mdomo. "Nilikuwa nakushika wewe," alisema.

Bi Mwamvua alijisogeza, akamvuta kichwa akakilaza mapajani mwake, mwanamke mzima, mwenye mvi zake mbili tatu. Zaituni alianza taratibu, kama anayekohoa. Kisha akalia. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, ikapita madirishani ikatoka nje.

Haukupita muda tukasikia hodi. Majirani walishakizoea kilio cha Bi Mwamvua, hawakuwa wanakuja tena. Hiki hawakukijua. Walikusanyika barazani na kanga zao mabegani, mikono bado ina unga, na yule wa mbele akachungulia akauliza kwa hofu nani amekufa.

"Mume wangu," Bi Mwamvua alisema, bila kuacha kumpapasa bintiye. "Ingieni mkae na mwanangu. Yeye ndiye mfiwa."